Lile lori la waya la Barabara ya 12

Kuna kitu kinanikera siku hizi. Kila zikitajwa katuni za zamani, He-Man, Transformers, ThunderCats na wenzao, lazima atokee mtu aseme zile zilikuwa matangazo ya matoi tu, mlichezewa akili. Mimi hilo nalikataa. Kwamba zilitengenezwa ili kuuza matoi ni kweli kabisa wala sibishi, ila sisi tuliokulia Tanga miaka ya tisini ile biashara haikutufikia hata chembe, kilichotufikia ni hadithi.

Kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, TV ya uhakika ilikuwa kwa jirani mmoja ambae mumewe alikuwa Maskati. TV ya chogo, deki, na kanda alizokuwa anatumiwa kwenye maboksi pamoja na vitenge na sabuni. Tukitoka shule tunapitiliza chuo, tukishaswali alasiri mbio kwake, ndala zinabaki barazani, miguu unaosha kwenye ndoo ndo unakanyaga mkeka. Kanda zenyewe zimechoka, mistari inapanda na kushuka, saa nyingine picha inapotea kabisa inabidi afungue deki afute hedi kwa pamba yenye spiriti na sisi wote kimya kama tuko hospitali tunasubiri mgonjwa azinduke. Kiingereza hatujui. Kaka yangu ndo alikuwa mtafsiri, akatwambia Starscream, yule roboti mbaya wa Transformers, ni mtoto wa bosi wake Megatron anataka mzee afe arithi, na sisi tukaielewa moja kwa moja kwa sababu ugomvi wa mirathi tunaujua, uko kila mtaa. Mpaka leo nikimuona Starscream naona mtoto mwenye uchu wa nyumba ya baba yake.

Toi lenyewe sikuwahi kuliona dukani, si mjini wala sokoni. Kwaiyo tukatengeneza. Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari ya waya kuliko wote mtaani, akasema anataka lori linalosimama likawa mtu. Bodi ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, kabini ya kopo la maziwa tukaipaka rangi ya kucha ya dada, nyekundu kama ya Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema wa Transformers anaegeuka lori. Shida ikawa bawaba ya kiunoni. Waya ukiukunja palepale mara tano sita unachoka unakatika, tumebadilisha sijui mara ngapi, tukakaa karibu wiki mbili hatuna raha, mpaka fundi baiskeli wa pale kona (Tanga na baiskeli mnajua wenyewe) akatupa spoku mbovu. Spoku tukaikata, tukaizungushia waya mwembamba kama springi, ikapita katikati kama msumari wa bawaba ya mlango. Ukivuta kabini juu miguu inateremka, mikono inachomoka ubavuni. Wallahi lilisimama. Lilisimama kwenye mchanga mbele ya baraza na watoto wa barabara ya 11 na 13 walikuja kuangalia.

Sasa nimekuja kusoma ukubwani jinsi ilivyokuwa huko Marekani, na inafundisha. Mattel walitoa toi la He-Man 1982, katuni ikafuata 1983, vipande 65 kwa mpigo, kwa sababu siku tano kwa wiki mara wiki 13 unapata 65, mtoto anarudi shule mchana anaikuta kila siku. Transformers ndo kabisa, Hasbro walichukua matoi ya Takara ya Japani ambayo yalikuwepo tayari, alafu ndo wakatafutwa waandishi wayape majina na tabia na ugomvi wao, katuni ikaanza 1984. Mwaka huohuo FCC, mamlaka yao ya utangazaji, ikaondoa kikomo cha muda wa matangazo kwenye vipindi vya watoto. Wazazi wakalalamika miaka na miaka mpaka 1990 ikapita sheria, matangazo yasizidi dakika 12 kwa saa siku za kazi na 10 na nusu wikendi. Nawaelewa wale wazazi, mimi mwenyewe ni mzazi sasa hivi.

Ila kuna moja limeniuma kweli. Filamu ya Transformers ya 1986 Optimus Prime anakufa. Sisi tuliiona kwa yule jirani, chumba kizima kilinyamaza, rafiki yangu alitoka nje hakurudi siku hiyo. Nimekuja kujua walimuua kwa sababu matoi ya mwaka mpya yalikuwa yanaingia na ya zamani lazima yapishe! Watoto wa kule walilia, wazazi wakaandika barua, mpaka 1987 ikabidi wamrudishe, na Duke wa G.I. Joe, katuni nyingine ya matoi ya Hasbro, ambae nae alikuwa auawe akabadilishiwa ikawa amezimia tu. Yaani kifo tulichokilia kilikuwa ni kupisha nafasi kwenye shelfu. Hapo ndo nakubali kwamba walikosea, tena sana, mhusika ukishampa mtoto ampende sio mali yako peke yako tena.

Lakini hata hilo halinifanyi niseme tulidanganywa. Waandishi walipewa masanduku ya plastiki wakayatia roho, hiyo ni kazi ya watu na waliifanya vizuri, ndo maana ilivuka bahari ikafika kwenye mkeka wa Ngamiani bila tangazo hata moja ikatukuta bila hata shilingi ya kununua na bado ikatukaa. Mtoto angeuziwa toi angekuwa nalo, sisi tulikuwa na hadithi na spoku.

Mwanangu mimi anayo matoi, ya kweli, yanakunjika vizuri bila kukatika, sina ubaya nayo, nimemnunulia mwenyewe. Juzi nimemwambia habari za lori, akauliza liko wapi. Nikampigia mama. Anasema vitu vyetu vya utotoni havijatupwa, viko kwenye gunia juu ya dari ila panya wanapita humo na yeye miguu inamsumbua hawezi kupanda. Idi hii tunaenda wote, tochi nishanunua.