Simuleta ya treni: jifunze kusimama kwanza

Ukikaa Unguja ukasema jioni zako unaendesha treni, lazima utachekwa. Kisiwa hakina reli hata ya kuwaonyesha watalii, na anayetaka kupanda treni hana budi avuke kwa boti hadi Dar es Salaam ndiyo akatafute stesheni. Wanaocheka wanasahau kwamba treni ilishapita hapa, tena katikati ya mji. Sultan Barghash alikuwa na reli yake nyembamba iendayo Chukwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1870, mabehewa yakivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, kabla ya kuagizwa injini ya mvuke Uingereza. Kisha mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikafungua reli ya kiasi cha maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na picha za zamani zinaionyesha ikipita Malindi karibu kabisa na kuta za nyumba, hata unajiuliza waliokaa barazani waliweka wapi miguu yao. Abiria waliacha kubebwa mwaka 1922. Basi mtoto wa Bububu akijifunza udereva wa treni kwenye kompyuta, mie sioni haya iko wapi.

Kinachonikera ni namna watu wanavyoanza. Kijana anasikia kuna simuleta, programu ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa treni, anatafuta treni yenye mwendo kuliko zote, anasukuma mkono wa moto, ule wa kuongeza nguvu ya injini, hadi mwisho, anaipita stesheni ya kwanza kama hakuiona, ya pili vilevile, kisha anagonga ishara nyekundu na programu inamwambia safari imekwisha. Usiku huohuo anaifuta. Kesho ukimuuliza anakwambia gemu lenyewe halina ladha. Ladha ataipata wapi, na sehemu yenye ladha ndiyo aliyoiruka? Treni haina usukani. Kona inakata reli, wewe hukati kitu. Alichobakiziwa dereva ni kuiondoa treni, kuipunguza mwendo na kuisimamisha, na katika hayo matatu la mwisho ndilo lenye kazi. Anayeanza na simuleta ya treni aanze na breki. Hilo ndilo ninaloligombania hapa, mengine yote yanaweza kungoja.

Kwanza programu. Mie nawaelekeza watu wote kwenye Open Rails, na sina aibu ya kusema sababu kubwa ni kwamba ni ya bure. Imeandikwa na watu wa kujitolea, na inasoma njia na treni zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Microsoft wenyewe walishatoka kwenye biashara hiyo, toleo jipya walilotangaza likafia njiani mwaka 2009, lakini mashabiki hawakuacha kuchora reli, kujenga stesheni na kuunda vichwa vya treni. Kwa hiyo kuna hazina ya zaidi ya miaka 20, nyingi yake hailipiwi. Na laptop ya mtumba ya Darajani inaiendesha bila kupiga kelele ya feni kama inataka kuruka.

Train Sim World ni nzuri mno kwa macho, hilo silikatai. Lakini inataka kadi ya picha ya maana, na kuipakua ni makumi ya gigabaiti. Kwa bando zetu, hapo umeshakula hela ya mwezi na hujagusa breki. Train Simulator Classic iko katikati: ni nyepesi zaidi, ila kila njia inauzwa mbali na kila kichwa kinauzwa mbali, na ukitaka kuzikusanya zote utajikuta unazungumzia pesa ya kununulia gari. Ukiipenda, subiri punguzo ununue njia moja tu. SimRail ya Wapolandi nayo inavutia, kwa sababu unaendesha pamoja na wachezaji wengine huku mwengine yuko kwenye chumba cha ishara akikupa njia. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kukomaa na mwenye intaneti isiyokatika.

Ukishapata programu, chagua treni ya dizeli yenye mabehewa machache, kwenye njia fupi yenye stesheni za karibu karibu. Dizeli haina mambo mengi, na stesheni za karibu zitakupa nafasi ya kusimama tena na tena.

Ukiingia kwenye kiti cha dereva ndani ya Open Rails usiguse kitu. Bonyeza F1, soma. Bonyeza F4, litafunguka dirisha dogo linalokuonyesha njia iliyo mbele: mwendo unaoruhusiwa, ishara inayofuata, stesheni iko umbali gani. F10 inakupa ratiba ya vituo. Wapo wanaosema madirisha haya ni ya watu dhaifu, dereva wa kweli anatazama nje ya kioo. Dereva wa kweli ameipita njia ile na mwalimu ubavuni mpaka akaijua kila kona. Wewe mwalimu wako ni lile dirisha, liache wazi mpaka uichoshe njia.

Sasa W, kuweka mkono wa mwelekeo mbele. Bila hiyo utaongeza moto usiku kucha na treni haitikisiki. Nukta mkato (;) inaachia breki ya treni, na hapa tulia, tazama geji ya upepo ikipanda. Ikishajaa, D mara moja tu. Utasikia injini ikibadili sauti, mabehewa yatavutana moja baada ya jengine, na stesheni itaanza kurudi nyuma polepole. Subiri kabla ya D ya pili. A inapunguza moto. Alama ya mkato wa juu (') iliyo pembeni ya nukta mkato ndiyo inayoshika breki. Nakupa tahadhari moja ambayo sikuona mtu akiwaambia wanaoanza: kwenye Train Simulator Classic mambo yamegeuzwa, A ndiyo inaongeza moto na D inapunguza. Aliyezoea moja akahamia nyengine bila kujua ataingia stesheni ya mwisho kwa kishindo, na stesheni ya mwisho huwa na ukuta.

Ami yangu mmoja alifanya kazi ya reli Tabora kabla ya kustaafu. Alipokuja kututembelea nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikatarajia ataniuliza inakwenda mwendo gani.

“Shikamoo ami, karibu uendeshe.”

“Marahaba. Upepo umejaa?”

Hakugusa kibodi. Akasogeza uso hadi kwenye kioo akitafuta geji, akaipata, akaitazama sindano mpaka ikatulia. Kisha akanambia nishike breki kidogo, nione kama sindano inashuka, niachie, nione kama inarudi. Treni ya kwenye kompyuta, mabehewa hayana mtu, na mzee anaipima breki kabla ya kuondoka. Tangu siku hiyo nikikaa nafanya vilevile.

Breki ya treni ni ya upepo, lakini inafanya kazi kinyume na anavyodhani mtu. Bomba moja linapita kutoka kichwani hadi behewa la mwisho. Likijaa upepo, breki zinaachia. Upepo ukipungua, breki zinashika. George Westinghouse aliibuni namna hii mwaka 1872 ili bomba likikatika, au behewa likichomoka, upepo utoke na kila behewa lijishike lenyewe bila kungoja dereva. Uzuri huo unakuja na gharama. Upepo unachukua muda kusafiri, kwa hiyo kwenye treni ndefu behewa la mbele linashika kabla la nyuma halijapata habari. Na ukiachia, bomba linachukua muda kujaa tena. Mtu anayeshika na kuachia, kushika na kuachia, anaumaliza upepo wa akiba kwenye matangi ya mabehewa, na mara ya nne akishika hapati kitu, treni inateremka tu. Simuleta nzuri inakufanyia hayo yote bila huruma. Kwenye treni za mizigo za Marekani kuna balaa jengine: huwezi kuilegeza breki kidogo, ukianza kuachia inaachia yote. Ndiyo maana nasema mabehewa machache kwanza.

Halafu kuna uzito. Chuma juu ya chuma kinateleza, na huo utelezi ndio unaoiwezesha injini moja kuvuta mzigo mkubwa namna ile, lakini ndio pia unaokunyima kusimama. Aliyezaliwa kisiwani ana faida hapa. Tazama nahodha wa boti anavyoingia bandarini Malindi: anakata mwendo angali mbali, na abiria wameshasimama na mizigo wanashangaa mbona tunakwenda taratibu. Anajua chombo hakisimami pale anapotaka yeye, kinasimama pale alipokiandaa. Treni ndivyo hivyo hivyo, na inayokwenda kilomita 160 kwa saa inataka zaidi ya kilomita nzima.

Zoezi langu ni hili. Chukua stesheni moja, uiendee kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, na ukiwa mbali ondoa moto wote. Iache treni iteleze. Shika breki kidogo, usiguse tena, tazama mwendo unavyoshuka. Ukiona unashuka haraka mno, achia mapema, maana itachukua muda kulegea. Ukiona haushuki, ongeza kidogo. Tafuta kitu cha kupimia pembeni ya reli, nguzo, daraja, paa jekundu, ujue ukifika hapo mwendo uwe kiasi gani. Behewa la mwisho likibaki nje ya jukwaa, abiria wake watashukia kwenye majani. Kichwa kikipita jukwaa, ndiyo hivyo tena. Rudia stesheni hiyohiyo mpaka usimame kwa kushika mara moja na kulegeza mara moja, mabehewa yasipigane. Siku itakapotokea utaona raha ambayo mpenda mbio hataijua.

Ishara nazo zinakuja kwa mlango huohuo. Kwenye njia za Uingereza, ambazo wengi huanza nazo, kijani ni pita, njano mbili ni jiandae, njano moja ni ishara ijayo nyekundu, nyekundu ni simama. Wengi wanaisoma njano kama wanavyoisoma njano ya barabarani, yaani kimbia kabla haijawa nyekundu. Kwenye treni, njano ndiyo amri ya kuanza kusimama. Ukingoja kuiona nyekundu kwa macho umeshachelewa. Baadhi ya treni zao zina mtambo unaopiga honi ndani ya chumba cha dereva kila ukikaribia ishara ya tahadhari, na usipobonyeza kukiri kwamba umesikia, breki zinajishika zenyewe.

Vijana wengi wananiulizia treni ya umeme kama ya SGR, ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Nawaelewa, mie mwenyewe nilipoipanda nilibandika uso kwenye kioo kama mtoto. Lakini treni ya umeme inaondoka kwa wepesi unaodanganya, na kabla hujajua uko kwenye mwendo usiouweza. Nenda nayo baada ya dizeli.

Na mvuke? Watu wa makamo wanaupenda kwa sababu za moyo, na injini ya mvuke kwa sura haina mpinzani. Ila pale unaendesha treni na kupika kwa wakati mmoja: makaa, maji ya boila, mvuke, mlima unakuja, maji yakishuka chini ya kiwango umekwisha. Open Rails inaweza kukupa mtu wa makaa wa kompyuta akusaidie, mtumie. Kuna reli ya Settle hadi Carlisle kule Uingereza, ilikuwamo kwenye toleo lile la Microsoft la 2001, inapanda futi moja kwa kila futi 100 kwa maili nyingi mfululizo. Ukiipanda na injini ya mvuke peke yako bila mtu wa makaa, njoo unisimulie.

Vifaa vya ziada usinunue. Kuna paneli za kuchomeka kwenye kompyuta, zenye mikono ya breki na honi, zinapendeza, lakini kibodi inatosha kwa miaka. Afadhali pesa hiyo uiweke kwenye betri nzima ya laptop, maana umeme wetu mnaujua. Na kila ukisimama stesheni, bonyeza F2 kuhifadhi safari, umeme ukikatika uendelee kutoka hapo.

La mwisho, vaeni vidude vya masikioni. Honi ni ule mwambaa wa nafasi, kidole kinaugusa bila kukusudia, na honi ya treni ya mizigo saa sita ya usiku kwenye ghorofa za Michenzani haina maelezo ambayo jirani atayakubali.