Donholm si ni hapo tu!

Heri uchelewe ukitoka Thika. Ukitoka Thika ufike ofisini saa tatu watu wanakuambia pole, safari ndefu hiyo, hebu kunywa chai kwanza. Mimi wa Donholm, mtaa wa hapa hapa Nairobi, nikifika saa tatu bosi anaangalia saa, ananiangalia mimi, halafu anauliza, "Kwani Donholm si ni hapo tu?"

Ni hapo tu, sikatai. Jogoo Road ni kama kilomita tano hivi mpaka raundabauti ya City Stadium, ukitoka hapo unashika Landhies Road na ushafika Muthurwa, mjini. Kwa ramani ni karibu sana, lakini ramani haijawahi kupanda matatu saa moja asubuhi.

Na hii shida najua ilipoanzia. Waliipanua barabara ya Outer Ring, kilomita 13, wakaweka madaraja ya juu hadi pale Donholm, sasa watu wa Umoja na Kayole wanakuja wakiteleza tu, raha mustarehe, halafu wote wanamwagwa Jogoo Road wakutane na sisi tuliokuwa tumejipanga, na huko mbele kuna karao, polisi wa trafiki, mmoja amesimama katikati ya raundabauti, yeye ndiye taa, akiamua Lusaka Road ipite basi itapita mpaka ujiulize kama huko Industrial Area kumebaki mtu.

Juzi pale stegi ya Hamza, Jogoo Road, nilinunua njugu kwa dirisha. Kijana akasema hana chenji, nikamwambia sawa tu, kaa nayo, unajua ile roho safi ya asubuhi. Tumefika Barma, huko mbele, nasikia dirisha linagongwa ko ko ko. Nani? Yule wa njugu, ameniletea chenji yangu. Kwa miguu! Na hata hakuwa na haraka, njiani alikuwa anauza. Akaniuliza kama nataka zingine.

Dere naye akichoka kungoja anaingia panya route, tunapigwa makona huko ndani ya Jericho na Maringo, tunapita karibu na kamba za nguo mpaka sketi ya mtu inachungulia ndani ya gari, mama wa mbele anaomba Mungu, makanga anatwambia "tulieni wasee, hii ni shotikati." Tukitokea Jogoo Road tena tuko nyuma ya ile lori ya mchanga tuliyoiacha. Hiyo hiyo, hata yule jamaa amelala juu ya mchanga hajageuka.

Sitaki hata kuongea kuhusu mvua. Wingu likionekana tu upande wa Ngong, mvua yenyewe bado haijaamua, nauli ya hamsini ishakuwa mia. Ukiuliza unaambiwa "buda, si ushuke utembee." Kinachouma ni kwamba ukishuka kweli utawatangulia.

Jamaa tunayekaa naye meza moja ofisini anaishi Juja, huko karibu na Thika. Juja! Anapanda gari pale, anashika Thika Road, ile ya leni nane waliyomaliza 2012, anafika, ananyoosha shati, na nikiingia nimeloa jasho ananiuliza kama kulikuwa na ajali. Na siku moja moja akichelewa, bosi mwenyewe anamvutia kiti.

Sasa naulizia nyumba Juja. Bedsita tu, hata kama maji ni ya kuteka, bora nikichelewa niambiwe pole.