Ukuta wa Mpwa Wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Ukuta umebaki kidogo tu, nitumie hamsini niumalize." Mimi, kwa roho yangu nyepesi, nikajua ni ukuta wa jiko la dada kule Walukuba, Jinja, Uganda, ule uliolazwa na mvua. Nikatuma elfu hamsini, na ya kutolea juu yake, na ile kodi ya nusu asilimia ya kutoa pesa kwenye simu nikaimeza. Hata nilijisifu kidogo mbele ya mke wangu.

Jana nimefika Jinja. Ukuta umelala palepale, kuku wameufanya kitanda. Nauliza ukuta gani uliomalizika, kijana ananyoosha simu.

Ukuta wa kwenye simu, jamani! Una minara na bendera. Eti usipolipa unajengwa siku tatu, ukilipa unasimama hapohapo. Nikamuuliza kama fundi wake naye anadai hela ya chai. Hakucheka. Akaniambia, "Mjomba, hii ni mambo ya vita, huwezi kuelewa."

Mimi nisielewe vita? Mimi niliyewatoa watu Zama za Giza kwa kondoo na matunda pori mpaka nikawajengea ngome, yeye hata hajazaliwa?

Mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II ulitoka 1999, lakini Walukuba ulitufikia 2006, ndani ya sidii iliyoandikwa kwa kalamu "Kwaya ya Pasaka" ili mama asiulize. Mwaka huo maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka na umeme ulikuwa wa mgao, leo kwenu, kesho kwa wenzenu. Bwawa la umeme liko hapa Jinja, Malkia wa Uingereza alilifungua mwenyewe 1954, na sisi majirani zake tunanunua mishumaa. Kwa hiyo siku ya zamu yetu hatukuoga, hatukula. Tulikimbilia kwenye kibanda cha kompyuta, mashine nne zilizofungwa waya.

Adui yangu tulimwita Jenerali. Alivaa kandambili za rangi mbili. Siku moja nikaamua nimmalize kwa tembo wa Waajemi. Tembo mmoja alikuwa chakula 200 na dhahabu 75, na mimi nilitaka ishirini. Piga hesabu: chakula 4,000, dhahabu 1,500. Nililima kama mfungwa. Nusu saa yangu ikaisha, nikalipia nyingine kwa hela ya sabuni ya nyumbani. Tembo ishirini wakajipanga, nikawatoa. Tembo wale hawana haraka, wanatembea kama wajumbe wa harusi wanaojua chakula hakijaiva. Watu wakaacha mashine zao wakaja kusimama nyuma ya kiti changu, mmoja ananipumulia kitunguu cha roleksi, ile chapati ya mayai, shingoni.

Tukafika langoni kwa Jenerali. Hakuna askari. Wametoka watawa wanane, wamevaa kanzu, wanapunga mikono na kuimba.

Banange! Tembo wangu wa kwanza akageuka samawati, rangi ya Jenerali. Wa pili. Wa tatu. Tembo niliowalea mwenyewe kwa hela ya sabuni wananigeukia na kuwakanyaga wenzao! Naye Jenerali akaandika 11. Wanaoujua mchezo wanaijua hiyo 11: ukiiandika, kompyuta ya mwenzako inacheka. Yangu ikanicheka kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Nikaita tembo warudi, kumbe kugeuka kwa tembo ni safari nyingine. Akaandika tena 11.

Umeme ukaondoka.

Kile kibetri cha chini ya meza kikaanza kulia pii pii pii, mwenye kibanda anapiga kelele tuzime. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nina dakika 22 sijazitumia. Akasema umeme si wake. Nikamwambia hela ndiyo yangu. Akasema nikadai bwawani. Jenerali, badala ya kunitetea, anawaambia watu gizani kwamba ameshinda. Ameshindaje na tembo kumi na wawili bado ni wangu? Namdai majibu mpaka leo. Sasa anapitisha mizigo ya watu mpakani Malaba, ana kitambi, na nilipompigia jana kumweleza habari za ukuta alikata simu, ikaingia meseji: 11.

Mchezo ule ulikuwa na kitufe kimoja kizuri. Ukikibonyeza, kinakupeleka moja kwa moja kwa mwanakijiji aliyekaa bila kazi, unamtuma kukata kuni. Ningekuwa nacho pale kwa dada ningekibonyeza mpaka king'oke. Kijana wa miaka kumi na minane, saa nne asubuhi, blanketi mabegani, analinda mipaka.

Nikatoka nje kupima ule ukuta kwa hatua. Matofali kama mia mbili, saruji mifuko mitatu, na fundi, huyo wa kweli, anataka kianzio leo. Dada ametoka na chai. Amesikia kwamba nilishatuma hamsini, ananishukuru, anauliza saruji nimeiacha wapi.