Worf alilinda jina la marehemu, akamwacha aliye hai

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu kwa jamaa yangu hapa Kirumba, Mwanza, tunaangalia Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek inayotokea kwenye kituo cha anga za juu. Tulifika pale kijana Alexander anapopanda meli ya kivita ya jenerali Martok akiwa askari mpya, na Worf, baba yake mzazi, anampokea kama mtu wa kuja. Wakakaa peke yao, kijana akatoa la moyoni: ulinitelekeza. Jamaa yangu akasema, "Huyu dogo anadeka. Alikula, alivaa, alisoma, alilelewa na bibi na babu. Anataka nini tena?" Mwenzetu akaitikia. Mimi nilinyamaza, nikaaga mapema. Maneno yale yamenikaa hadi leo.

Tumkumbuke Worf wa The Next Generation, tamthilia ya Star Trek iliyotangulia, mwaka 1990. Anasimama mbele ya Baraza la Waklingoni, watu wake wa asili, wapiganaji wanaoweka heshima mbele, kumtetea baba yake, Mogh, aliyesingiziwa kuwa ndiye aliyewauza wenzake kwa adui huko Khitomer. Mogh alishakufa tangu Worf ni mtoto. Mwisho Worf anakubali kubeba fedheha yeye mwenyewe ili dola lao lisipasuke, na watu wote wa chumba kile wanampa mgongo. Tunampenda kwa sababu ya siku ile. Hata mimi.

Mwaka huo huo analetewa mtoto aliye hai. Mama wa mtoto, K'Ehleyr, anauawa na Duras, hasimu wa Worf, na Alexander anabaki na baba asiyemjua. Anamuuliza kama kweli yeye ndiye baba yake. Worf anakubali, anamkumbatia, kisha anampeleka Duniani kwa wazee Rozhenko, wale waliomlea yeye alipokuwa yatima. Mwaka 1992 bibi Helena anamrudisha mjukuu mwenyewe, kwa sababu umri umewatupa mkono na mtoto ameanza kusema uongo. Wazo la Worf? Shule ya Waklingoni, mbali. Alibadili nia baada ya mtoto kunusurika kwenye moto. Na baba huyo alipohamia kituo cha Deep Space Nine mwaka 1995, Alexander alikuwa amesharudishwa kwa wazee wale wale.

Mtu anayeweza kuacha heshima yake yote kwa ajili ya jina la marehemu hawezi kuniambia hakujua wajibu wa damu. Alijua. Marehemu haumwi usiku, haulizi maswali, haibi kitu shuleni. Kumlinda marehemu unasimama mara moja mbele ya watu, wakuone. Mtoto unamlinda kila siku, na hakuna baraza linalotazama.

Mimi nimelelewa na bibi, hatua chache kutoka Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Baba alikuwa kambini Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwenye dagaa. Waliokulia mwambao huu wanajua: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai, na mwezi ukiwa mkali watu wanapumzika, wenye familia wanarudi nyumbani. Kwa hiyo nilijifunza kutazama mwezi kabla sijajua kusoma. Ukianza kujaa, nilikuwa naoga bila kuambiwa.

Nikiwa darasa la nne, mtoto wa jirani alinieleza kwamba mzigo wa baba umeingia. Nilikimbia Mwaloni na sare ya shule. Niliyaona magunia yake, nilizijua zile herufi mbili za rangi nyekundu, na moja ilikuwa imechuruzika hadi chini kwa sababu alikuwa na mkono mzito wa brashi. Niliweka kiganja changu juu ya ile rangi. Mbebaji mmoja akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia. Akasema, "Mzee wako ameshageuza, dogo. Amepanda boti asubuhi." Niliporudi nyumbani nilikuta bibi ameletewa nusu gunia la dagaa na hela. Tulikula dagaa wale mwezi mzima. Sikulala njaa, na shule nilisoma.

Kwa hiyo mtu akisema "alikula, alisoma", mimi naisikia harufu ya gunia lile.

Nakubali, Worf hakuambiwa mapema kwamba ana mtoto. Nakubali pia kwamba alibaki yatima akiwa mdogo na hakuwa na mfano wa baba Mklingoni wa kumwiga. Lakini alilelewa na mzee Rozhenko, aliyemkuta mtoto wa watu kwenye vifusi vya Khitomer na akampa nyumba. Mfano huo alikuwa nao. Na pale pale kituoni alikuwepo Sisko, mkuu wa kituo, mjane aliyempoteza mkewe kwenye mapigano ya Wolf 359, ana vita mikononi na bado anampikia mwanawe Jake chakula kwa mikono yake. Jake alipomwambia kwamba hataki jeshi la anga za juu la baba yake, anataka kuandika, baba yake alimsikiliza. Worf aliyaona malezi hayo kila siku.

Mwisho wa sehemu ile ya meli ya Martok, Worf anamwahidi Alexander kwamba atamfundisha kuwa shujaa, na kijana amfundishe yeye kuwa baba. Hapo nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema. Baadaye Alexander anaonekana kwenye harusi ya Worf na Jadzia, ofisa mwenzake wa kituoni, halafu hatumwoni tena hadi Deep Space Nine inaisha mwaka 1999. Mafunzo yale hatukuonyeshwa hata siku moja. Waandishi nao walimpeleka kwa bibi.

Sasa nirudi kwa jamaa yangu, maana najua atasoma hapa. Ndugu yangu, una binti wa miaka sita kwa mama yako Sengerema. Miaka yote ulikuwa unaniambia kivuko cha Kigongo kinakula siku nzima, na kweli foleni ile niliiona kwa macho yangu. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Ukitoka asubuhi, saa nne uko mlangoni kwa mama, na jioni umesharudi Kirumba. Jumamosi hii tusiangalie kitu. Nenda, na usitangulize mzigo.