Moto wa Juni ni nafuu kuliko wa Oktoba

Wiki iliyopita kampuni ya bima imeniandikia barua. Ndani mna picha ya paa langu iliyopigwa kutoka angani, na duara jekundu pale mti wa msindano ulipoinamia vigae. Bima yangu ikiisha muda, hawataihuisha. Ninaishi California, kwenye vilima vya Sierra Nevada, na majirani watatu wameshapata barua kama hiyo.

Kwetu Mufindi, Tanzania, sikuwahi kumjua mwenye bima ya moto. Lakini kila mwezi wa sita baba alishika jembe, akakwangua barabara ya moto, yaani ukanda wa hatua nne kuzunguka shamba la miti mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Jioni upepo ukitulia, majirani walikuja tukachoma nyasi za nje ya ukanda ule. Nyasi bado zina ubichi, moto unatambaa polepole, hata mtoto anauzima kwa tawi. Gharama yake ilikuwa siku moja ya kazi na ndoo ya ulanzi, pombe ya mianzi. Oktoba moto ukija, haukuti cha kula.

Huku walifanya kinyume. Wakaruk na Wayurok, wenyeji wa misitu ya kaskazini mwa California, walichoma hivyo hivyo kwa karne nyingi, wakakatazwa. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaagiza kila moto uwe umezimwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Majani makavu yakalundikana miaka nenda rudi. Nyumba za mjini zilipopanda bei, watu tukakimbilia viwanja vya msituni, mimi nikiwamo. Tuliviona rahisi kwa sababu kuzima moto hulipiwa na walipa kodi wote, na tangu sheria ya 1988 kampuni za bima haziwezi kupandisha bei bila kibali. Gharama ya kweli hatukuiona. Kufikia 2015 zaidi ya nusu ya bajeti ya idara ile ilikwenda kwenye moto; mwaka 1995 ilikuwa asilimia 16. Fedha za kupunguza miti na kuchoma mapema zikabanwa. Novemba 2018 mji wa Paradise, huku huku California, uliteketea kwa moto, watu 85 wakafa.

Nyumbani nako si peponi. Moto wa warina asali na wa kuandaa mashamba umewafilisi wengi, na aliyetunza misindano yake miaka kumi halipwi na mtu. Ila mjomba ananiambia vijana sasa wanapanda miti mpaka mpakani kabisa, barabara ya moto wanaiona ni ardhi iliyopotea, na kijijini wapo wanaotaka moto wowote upigwe marufuku. Jamani, tusiende huko! Sheria ndogo iwalazimishe majirani kuchangia barabara ya moto nusu kwa nusu, na kuchoma mwezi wa sita kuruhusiwe kwa kibali, watu wakiwa wa kutosha.

Nimetuma hela ya vibarua wa kufyeka mpaka wetu. Jirani wa bondeni amekubali kung'oa safu mbili. Wa mlimani bado anafikiria.