Lodi Manchester hakufukuzwa
Makala moja kuhusu vita vya Bunge la Uingereza dhidi ya Mfalme Charles I inasema Oliver Cromwell alimfukuza Lodi Manchester, jenerali wa Bunge, jeshini. Hapana. Alijiuzulu mwenyewe tarehe 2 Aprili 1645, siku moja kabla ya Malodi (baraza la juu la Bunge) kupitisha sheria iliyowapa wabunge siku 40 waachie vyeo vya kijeshi. Kilichomponza ni pigano la Newbury dhidi ya jeshi la mfalme, 27 Oktoba 1644. Mpango ulikuwa huu: Cromwell na Waller, jenerali mwingine wa Bunge, walizunguka mbali ili wapige Speen, kijiji kilichoshikwa na watu wa mfalme, kutokea magharibi. Manchester, akisikia mizinga yao, avamie Shaw House, jumba lililoshikwa pia na watu wa mfalme, kutokea mashariki. Ishara mbovu kabisa hiyo! Upande wake nako mizinga ilikuwa inanguruma, angeitofautishaje? Alipovamia kwa nguvu, giza linaingia. Usiku uleule mfalme akapenya akaondoka. Lakini msimwite msaliti: Januari 1642 mfalme huyohuyo alimshtaki kwa uhaini, pamoja na wabunge watano.