Tiketi moja haitoshi: viziwi na mikutano ya nje

Barua ya mwaliko wa mkutano wa maendeleo ya viziwi ikifika kutoka ng'ambo, chama cha viziwi hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema lazima aende mtu, la sivyo wengine watatuamulia. Wapo wanaouliza fedha hizo zingewafundisha lugha ya alama wazazi wangapi vijijini, ambako mtoto kiziwi hufikia umri wa kwenda shule bila lugha yoyote. Maswali yote mawili ni ya haki.

Wanaotetea safari wanaungwa mkono na historia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, wakapiga kura kwamba shuleni watoto wafundishwe kwa kutamka, alama ziachwe. Wajumbe walizidi 160, kiziwi akiwa mmoja tu. Uamuzi ule uliwafungia watoto lugha yao kwa vizazi kadhaa, na majuto rasmi yalitolewa mwaka 2010, katika mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver. Hatari hiyo haijaisha. Kila mwaka nchi zilizoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania ikiwemo tangu 2009, hukutana New York. Kiziwi asipokuwepo, mazungumzo ya miundombinu huishia kwenye njia za mteremko na viti mwendo, na mkalimani hatajwi.

Upande wa pili nao una historia yake. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule Accra mwaka 1957, kisha nyingine barani Afrika, jumla zikawa zaidi ya 30, hadi alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987, akielekea Kenya. Maelfu walipata elimu kwa sababu yake. Lakini shule hizo zilikuja na alama za Marekani, na katika nchi nyingi za Afrika Magharibi alama hizo ndizo zilizotawala. Mjumbe anayerudi leo na alama za ugenini, akaanza kuwasahihisha wazee wa tawi lake, anarudia jambo lile lile bila kukusudia.

Penye utata zaidi ni hesabu. Mkutano wa siku nzima unahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Mmoja akiachwa peke yake, akili huchoka kabla ya mikono, na maneno huanza kudondoka bila kiziwi kujua. Kwa hiyo kumpeleka kiziwi mmoja ni tiketi tatu. Kuwapeleka wawili ni tiketi nne, maana wakalimani ni wale wale. Gharama ya kila mjumbe inashuka kutoka tiketi tatu hadi mbili. Chama kinachopeleka mmoja ili kubana matumizi ndicho kinacholipa ghali zaidi kwa kila mjumbe, na mjumbe huyo hana wa kushauriana naye jioni.

Waandaaji wengi hujibu kwamba watatoa ukalimani wa Ishara za Kimataifa, yaani alama ambazo viziwi wa nchi mbalimbali hutumia wanapokutana. Hizo humfaa aliyezoea kuchangamana na viziwi wa mataifa mengine. Anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania pekee ataondoka na nusu ya mambo. Ajenda na hotuba ziombwe wiki mbili kabla, wakalimani wakubaliane alama za istilahi mpya.

Viza nayo huvunja safari nyingi, na mara nyingi kosa ni barua ya mwaliko kumtaja mjumbe tu. Mkalimani akiomba, anaonekana hana sababu ya kusafiri. Barua iwataje wote, kazi ya kila mmoja na anayelipa. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ada ya mtu mzima ni euro 90, hairudishwi ukinyimwa, na bima lazima ifikie euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Wakati wa kukata tiketi, shirika la ndege liombwe kuandika msimbo wa DEAF, yaani kiziwi, kwenye kumbukumbu ya tiketi ya abiria, kwa sababu mabadiliko ya mlango wa kupandia mara nyingi hutangazwa kwa kipaza sauti. Hoteli iulizwe kama king'ora cha moto kina taa.

Mkutano wa mtandaoni huokoa fedha hizi zote, na kwa vikao vya maandalizi unatosha kabisa. Ila mzungumzaji akionyesha slaidi, mkalimani hubaki kijidirisha, na intaneti ikikwama mkono husimama katikati ya sentensi. Tena viziwi wa nchi mbili wakikaa ana kwa ana huelewana baada ya saa chache bila mkalimani yeyote. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa ya kusafiri, na haiingii kwenye skrini.

Kwa hiyo safari ziwepo, lakini chache. Kinachotuumiza ni afisa anayesikia kupewa nafasi kwa sababu "hahitaji mkalimani". Huko ni kurudi Milano. Waende viziwi wawili, waliochaguliwa na viziwi wenzao, mmoja akitoka tawi la mkoani. Kabla ya kuondoka wasaini ahadi ya kutoa mrejesho ndani ya siku 30: video fupi kwa lugha ya alama na kikao kwenye matawi mawili. Nauli ya kufika kwenye matawi hayo iandikwe katika bajeti ile ile ya ndege, maana ikiachwa kwa chama huwa haipatikani.